Kioo cha 4K kwa Cherehani ya Mke Wangu

Kwa uliyekosa gazeti la wiki jana, nakuweka sawa kidogo, maana mkasa huu ukiurukia katikati utadhani nakutungia.

Mimi ni Clement, mpiga video wa harusi hapa Mpemba, Tunduma. Wiki jana nilieleza jinsi bwana harusi mmoja wa Vwawa alivyonirudishia kazi yangu mbele za watu, akisema nimemtengenezea harusi ya mizimu, nyuso zote zina ukungu. Hajapoa huyo, akaja mama mmoja wa kwaya na lalamiko lile lile.

Nikapeleka kamera kwa fundi. Fundi akaichokonoa, akanirudishia.

"Kamera nzima. Mota ya lensi ndiyo ilishakufa, lakini hilo unalijua. Endelea kulenga kwa kuizungusha kwa mkono."

Basi nikabaki na adui mmoja tu, kioo cha kompyuta yangu. Kilikuwa cha mtumba, kimepauka, rangi zake zinaelekea kijani. Nikajiambia, mtu anayefanyia kazi kwenye kioo cha namna hii ataonaje makosa yake?

Hapo ndipo simu ya Eva, mteja wangu, ilipoingia, na hapo ndipo tulipoachia.

"Kaka Clement," alisema, "baba amefariki."

Nilikaa chini. Mzee Abrahamu nilimfahamu. Mkulima wa kahawa, ng'ambo ya Nanyala, mtu wa maneno machache. Nilimpiga video siku ya harusi ya Eva, akimbariki binti yake uani kwake, mibuni ikiwa nyuma yake. Kazi hiyo nilikuwa sijaikabidhi. Baada ya yale ya Vwawa niliogopa kukabidhi kitu.

"Pole sana, Eva. Pole mno."

"Asante. Kaka, sisi picha ya baba tunayo moja tu, ile ya kitambulisho. Hakupenda kupigwa. Na siku ile alikataza simu zote, unakumbuka? Alisema mpiga picha mmoja anatosha."

"Nakumbuka."

"Kwa hiyo unayo wewe peke yako. Anaonekana vizuri?"

Nikatazama kioo. Nilikuwa nimeisimamisha picha hiyo hiyo. Niliona koti la kaki, kofia, na katikati kitu kama uso uliopakwa mafuta.

"Anaonekana," nikamwambia. "Kioo changu tu ndicho kibovu. Nabadilisha, kisha namalizia."

"Tunataka kuionyesha kwenye ibada ya shukrani, kaka. Watoto wa mdogo wangu hawakumjua hata babu yao."

Alipokata simu nilimwita mke wangu.

Ketrina ni fundi nguo. Vitenge vinavyovuka mpaka kutoka Zambia vingi vimepita chini ya sindano yake. Cherehani yake ilikaa dirishani, kompyuta yangu ukutani, na kwa miaka yote tulikuwa tukifanya kazi tumepeana mgongo huku tukizungumza.

"Mama Gloria," nikamwambia, "lazima ninunue monita ya 4K."

"Ndiyo nini hiyo?"

Aliyemjibu ni kaka yake, Ombeni, fundi simu, ambaye huja kwetu kila mchana kula.

"Dada, picha ya kioo ni kama mkeka. Ukisukwa kwa ukindu mpana, ua halitoki vizuri. Ukisukwa kwa ukindu mwembamba, ua linatoka mpaka jani lake. Hiki cha shemeji ni ukindu mpana. Cha 4K ni mwembamba sana."

"Na bei?"

"Bei ndiyo inayotupa shida."

Tulikuwa na akiba kidogo, pesa ya mabati. Ketrina alitazama juu, pale dari inapovuja, akasema, "Mvua zimeshaisha. Chukueni."

*

Siku ya kwanza mimi na Ombeni tuliingia duka kubwa la mjini. Kioo kipya cha 4K kilikuwepo, kizuri, chembamba. Nikauliza bei. Nilipotajiwa nikarudisha mikono mfukoni.

Muuzaji akanisoma haraka.

"Broo, kama hela inabana, chukua TV ya 4K. Ni nusu ya bei. Unachomeka kompyuta, mchezo umeisha."

Akaichomeka tuione. Nikasogea mpaka pua ikakaribia kugusa.

"Maandishi yana vivuli," nikasema.

Ombeni akainama. "Kweli, yana kivuli kidogo. TV imetengenezwa kutazamwa kutoka kwenye kochi. Wewe unakaa uso kwa uso na kioo, shemeji. Herufi zitakuumiza kichwa."

"Kidogo? Mimi naona vivuli vitatu."

Ombeni akacheka, akampigia muuzaji jicho. "Mnaona? Macho ya mpiga picha hayo. Anaona hata tusivyoviona sisi."

Na mimi nikacheka. Nilijisikia mtu.

Tukatoka mikono mitupu. Ombeni akanisihi nisubiri. Alisema vioo vya mtumba vya ofisini huwa vizuri, tutafute taratibu, na tusinunue chochote kabla hajakichomeka kwenye laptop yake akaona kwa macho.

Ningemsikiliza, leo ningekuwa nakuhadithia mengine.

Lakini Eva alipiga tena kesho yake asubuhi, akauliza tu, "Kaka, umepata kioo?" Sauti ya mtu asiyetaka kukusumbua. Nilishindwa kukaa. Nikavuka mpaka peke yangu, nikaingia Nakonde.

"Mulishani, ba boss!" Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu, Kiswahili chake kimechanganyika na Kibemba cha sokoni. "Monitor? Iko. 4K iko. Brand new."

Akanitolea boksi. Lilikuwa limeandikwa 4K kwa herufi kubwa kama mkono wangu. Bei ilikuwa tamu. Haikufika hata nusu ya ile ya dukani Tunduma.

"Naomba uiwashe nione."

"Umeme hakuna, boss. Wamekata tangu asubuhi. Lakini soma box, kila kitu kiko kwa box."

Nikaligeuza boksi. Chini ya zile herufi kubwa kulikuwa na mstari wa maandishi madogo. Niliusogeza machoni, nikaupeleka mbali, nikaona mstari mweusi tu unaotetemeka. Jua lilikuwa kali. Nikasema moyoni, nani husoma vidogo hivi?

Nikalipa. Nikarudi na boksi langu begani, nikipenya katikati ya malori kama mtu aliyeshinda kesi.

Ombeni alilipokea mlangoni. Hakulifungua. Alilisoma tu, palepale kwenye mstari ule mdogo, kisha akanitazama.

"Shemeji, umesoma hapa?"

"Wapi?"

"Hapa. Wameandika kwamba inapokea 4K."

"Si ndiyo hiyo?"

"Siyo. Inapokea. Maana yake ukiiletea picha ya 4K haitakataa. Lakini yenyewe itaipunguza na kuionyesha kwa kiwango chake cha kawaida. Ukindu wake ni ule ule mpana."

"Washa kwanza."

Akawasha. Akaingia kwenye mipangilio. Nukta zinazounda picha zilikuwa zile zile za kioo changu cha zamani. Nilimwona Ketrina akiacha kukanyaga cherehani.

Tulirudi Nakonde na Ombeni siku hiyo hiyo. Yule kijana hakukimbia, wala hakuona aibu.

"Boss, box imesema ukweli. Haikudanganya. Ni wewe hukusoma."

"Nirudishie hela yangu."

"Hela imeshaenda Lusaka, boss. Imefuata mzigo mwingine."

Ombeni alibishana mpaka watu wakakusanyika. Mimi nilisimama tu. Boksi lilisema ukweli. Niliyeshindwa kuusoma ni mimi.

Mwisho Ombeni aliuza kile kioo kwa mwenye kibanda cha kuonyeshea mpira. Alimweleza wazi kwamba si 4K, kwa hiyo akapata bei ya wazi. Mabati yakapungua hadi karibu kuisha.

*

Nilirudi nyumbani siku moja jioni kutoka kutafuta kazi ya kupiga picha za kitambulisho. Chumba kilikuwa na mwangwi.

"Mama Gloria, cherehani iko wapi?"

Alikuwa amekaa kwenye mkeka, anapindia gauni kwa mkono.

"Imeenda."

"Imeenda wapi?"

"Kwa Anna wa sokoni. Alikuwa anaitaka siku nyingi."

"Ketrina! Ile ni mkono wako!"

"Na kioo ni jicho lako," akanijibu, bila kupandisha sauti. "Ukiona vizuri utafanya kazi, ukifanya kazi utaninunulia nyingine. Tukikaa hivi wote wawili tutakufa na vifaa vyetu. Na yule binti wa watu anamsubiri baba yake."

Akaukata uzi kwa meno.

"Usiniangalie hivyo. Nenda na Ombeni. Na safari hii usiguse boksi kabla yeye hajasoma."

Ombeni alikuwa ameshasikia habari. Kuna ofisi ya kutoa mizigo mpakani, hapo hapo Mpemba, ilikuwa inafungwa, vitu vyake vinauzwa. Aliyekuwa akiviuza ni dada mmoja anaitwa Recho, aliyekuwa karani wao.

"Hivi viwili ndivyo vya 4K," Recho alisema. "Bosi alivitumia kusomea ramani za barabara. Kimoja kimepasuka. Hiki kizima, ila kina doa moja, sikufichi."

Nilimpenda kwa hilo.

Ombeni akafanya kazi yake kwa utulivu. Akachomeka laptop, akafungua mipangilio, akanisomea nukta zote kwa sauti, upana na urefu, na safari hii zilikuwa zenyewe. Akajaza kioo chote rangi nyeupe, kisha nyeusi, kisha nyekundu, akitafuta nukta zilizokufa.

"Ni hiyo moja tu," akasema. "Kwenye pembe."

"Iko wapi?" nikauliza.

Recho akaigusa kwa ukucha. "Hii."

Nikainama. Niliona ukucha uliopakwa rangi. Niliona weupe. Doa sikuliona.

"Shemeji, umeiona? Maana ndiyo utakayoishi nayo."

Wote wawili walikuwa wakinisubiri. Karani ameiona, fundi simu ameiona. Mimi ndiye mtu wa picha.

"Aa, hiyo? Ndogo hiyo," nikasema.

Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza. Msomaji, nakuapia, wakati ule sikujua nadanganya nini. Nilidhani ni mwanga wa dirisha.

Tukalipa. Pesa ya cherehani ya Ketrina ikaenda kwa Recho, kioo kikaja kwetu.

*

Nyumbani Ombeni alikiweka mezani, akachomeka waya wangu wa zamani. Picha ikaja, lakini mshale ulikuwa ukijikokota kama mlevi.

"Waya huu hauwezi mzigo," akasema. "Na tundu hili la kompyuta yako ni la zamani. Ngoja." Akatoa waya mwingine mkobani, akauchomeka tundu la pembeni. Mshale ukakimbia. "Hapo sawa. Sasa njooni."

Alikuwa amepakua video maalumu ya kujaribia vioo. Akaibonyeza.

Ketrina alikuwa amesimama mlangoni na beseni la maji. Akaliweka chini.

"Yesu wangu!"

"Umeona, dada?"

"Huyo nyuki! Naona mpaka vinyweleo vya mguu wake! Naona vumbi la ua limemshika! Ombeni, huyu yuko ndani ya nyumba!"

"Na hapa chini soma, dada, ukiwa huko huko mlangoni."

Ketrina, aliyeishia darasa la saba, akasoma mstari wote wa maandishi madogo bila kukwama, kisha akapiga makofi.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu, mbele kabisa.

Niliona njano iliyotapakaa. Juu ya njano kitu cheusi, chenye pacha wake pembeni, na pacha wa pacha. Nikapepesa macho. Nikayafikicha. Nikasogea mbele, nikarudi nyuma.

Ukungu ule ule. Ukungu wa kioo cha zamani. Ukungu wa kioo cha Nakonde. Kumbe ulihama nami kila nilipohama.

"Baba Gloria, mbona kimya?" Ketrina aliniwekea mkono begani. Vidole vyake vilikuwa na matundu ya sindano. "Umeona?"

Angekuwa ameniuliza Ombeni, labda ningesema kweli.

"Nimeona," nikajibu. "Safi sana. Sikutegemea."

"Unalia?"

"Ni furaha."

Akanikumbatia. Ombeni akapiga mluzi. Hapo ndipo nilipojua kwamba nimefungiwa katika chumba ambacho ufunguo wake nimeumeza mwenyewe.

Ombeni alipoondoka na Ketrina akaenda jikoni, nilitoka nikasimama kando ya barabara. Foleni ya malori ilikuwa imetulia kama kawaida, yanangoja kuvuka. Nikaziba jicho la kulia. Lori lililo mbele yangu likawa malori mawili yaliyopandana. Nikaziba la kushoto. Likawa donge. Namba ya usajili sikuisoma, na lori lilikuwa karibu kiasi kwamba dereva wake alinisikia nikihema.

"Vipi, kaka? Unatafuta gari gani?" akaniuliza.

"Hapana. Natazama tu."

Natazama tu! Nilirudi ndani nikaogopa kukaa. Sakafuni, chini ya dirisha, miguu ya cherehani ilikuwa imeacha alama. Hizo niliziona vizuri kabisa.

Ningemwambiaje? Ningesema, mke wangu, umeuza mkono wako kwa ajili ya jicho lisiloona hata hicho ulichokinunua? Kila nilipofungua mdomo, yeye alikuwa akiimba.

"Mbona bado unasogeza pua kwenye kioo?" aliniuliza mara moja.

"Mazoea, mama Gloria."

"Yaache. Utaharibu macho."

Na kazi ya Eva? Hapo sasa ndipo nilipochanganyikiwa. Nilikuwa na kioo kinachoonyesha ukweli, na sikuwa na jinsi ya kuujua ukweli huo. Nikaanza kujifariji. Siku ya harusi ya Eva, nikajiambia, macho yangu yalikuwa bado mazima. Nililenga kwa mkono, na mkono wangu una uzoefu. Mzee Abrahamu atakuwa ametoka. Lazima awe ametoka.

Ningeweza kumwita Ketrina nikamwambia, hebu niangalizie. Neno dogo tu. Sikulisema.

Nikaikata ile video kwa kusikiliza sauti. Nilipanga kila kitu kwa masikio. Mlio wa ngoma, vigelegele, kisha kimya, kisha sauti ya mzee.

*

Sikuwaita. Walikuja wenyewe mchana, wakitokea Nanyala, Eva na baba yake mdogo, mzee Amoni.

"Hodi hapa!"

"Karibuni, karibuni," Ketrina alikimbilia kufuta viti. "Poleni na msiba. Poleni na safari."

"Tumeshapoa, mama," mzee Amoni akasema. "Tunashukuru Mungu. Tumesikia kijana amepata mtambo mpya."

"Ameupata, baba. Mtamwona mzee kama yuko hapa."

Laiti angenyamaza. Nilitaka kusema kompyuta imegoma. Nilitaka kusema umeme mdogo. Ketrina alikuwa ameshaiwasha.

Eva alivuta kigoda akakaa karibu na bega langu. Alinukia moshi wa kuni na sabuni ya kipande. Alikuwa ameshika leso mkononi, ameikunja tayari.

"Kaka," akasema polepole, "kabla hujaanza. Nimejiandaa kulia, kwa hiyo nikilia usisimamishe. Mimi nataka tu kuuona uso wake alipokuwa ananiangalia. Siku ile niliinamisha kichwa, sikumwona. Ndiyo mila yetu, binti hamtazami baba anapombariki."

"Sawa, Eva," nikajibu.

Nikabonyeza.

Ngoma. Vigelegele. Ketrina akacheka kidogo, nadhani aliona watoto wakicheza. Kisha kimya. Kisha sauti ya mzee Abrahamu ikaingia chumbani, nzito, ya taratibu, ikimwita binti yake kwa Kinyiha kwa jina la utotoni.

Mzee Amoni akaguna kifuani. Nikasikia Eva akishusha pumzi kwa vipande.

Wanalia, nikajiambia. Kumbe imetoka! Kama isingetoka wasingelia. Moyo wangu ulianza kufunguka. Nikakiamini kile kilio. Nikamshukuru Mungu pale pale kitini, tena kwa dhati.

Sauti ya mzee ikaendelea, ikabariki, ikakoma. Nikasimamisha.

"Mmeona uso wake ulivyokaa?" nikauliza, sauti yangu ikiwa na majivuno ya kijinga. "Hapo ndipo nilipomlenga mwenyewe, kwa mkono huu."

Nikasikia kigoda kikisogea karibu na kioo.

"Eva?"

"Naona mibuni," Eva akasema.

"Mibuni?"

"Naona majani ya mibuni, kaka. Naona na punje mbichi, moja moja. Hata buibui yupo kwenye tawi." Sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayesoma kwa lugha asiyoijua. "Lakini baba haonekani. Baba ni kama moshi. Rudisha nyuma."

Nikarudisha. Nikapitiliza, nikarudi tena.

"Hapo?"

"Hapo pia hana uso."

"Na hapo?"

"Kaka, hana. Mwanzo mpaka mwisho, hana."

Ndipo nikaelewa nilichokifanya siku ile uani kwa mzee Abrahamu. Nilizungusha lensi mpaka nikaona kitu kimekaa, na kilichokaa kilikuwa kichaka nyuma yake. Kioo changu cha zamani kilisitiri. Hiki cha cherehani ya mke wangu hakikusitiri kitu. Kiliwaonyesha watu wote chumbani, isipokuwa mimi.

Mzee Amoni akakohoa. "Kijana, pengine bado hujaisafisha?"

Akanirushia kamba. Na mimi, kama mtu anayezama, nikaidaka.

"Ndiyo, baba. Bado sijaisafisha. Hiyo ni ghafi. Kuna programu, inavuta uso, unarudi kama ulivyokuwa."

Hakuna programu hiyo. Uso ambao haukuingia kwenye kamera hakuna wa kuurudisha. Kila mpiga video anajua.

"Kweli, kaka?" Eva aliushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili. "Atarudi?"

"Atarudi."

"Kabla ya ibada?"

"Kabla ya ibada."

Nilisikia honi ya lori barabarani. Nilisikia Ketrina akipiga hatua kutoka dirishani, taratibu, mpaka nyuma ya kiti changu. Akasimama. Alikuwa hatazami kioo tena. Nilihisi ananitazama mimi, pembeni ya uso, namna nilivyokuwa nimesogeza pua.

"Baba Gloria," akasema kwa sauti ndogo, "ulipoikata hii video, ulikuwa huoni kwamba mzee hana uso?"

"Nili... nilikuwa naona."

"Uliona, ukaiacha?"

Nikashika kipanya, nikakisogeza bure.

"Clement."

Hajawahi kuniita jina langu mbele ya wageni.

Eva aliniachia mkono. Akageuka kwenye kigoda, akamwelekea mke wangu.

"Dada Ketrina," akasema, "wewe unakaa naye chumba kimoja na hiyo mitambo. Mimi siwezi kuwaambia wajomba na shangazi waje, halafu baba asiwepo. Niambie wewe, kwa Mungu. Atarudi, au nisitegemee?"

Nikageuka haraka kumtazama Ketrina, nijue anataka kusema nini. Niliona kitenge chake. Niliona kilemba, rangi ya chungwa. Katikati yake, pale ambapo kwa miaka yote nilikuwa nikisoma kila alichokuwa akiwaza kabla hajasema, hapakuwa na kitu cha kusoma.

Nikamsikia tu akivuta pumzi.